UZI: Nimepewa kiti cha gereji kwa sababu nina gundu. Ushirikina wa mashabiki wa mpira wa vyuo Marekani

#1 Mzigua_Ohio (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu. Huu uzi nimeulaza kiporo tangu Januari. Sasa wiki ya mechi imefika, nisipouandika nitapasuka.

Naishi Columbus, Ohio, mwaka wa sita huu. Jirani yangu ni mzee wa Kimarekani, fundi bomba mstaafu, mpole, ananiazima ngazi na mashine ya kukata majani bila kinyongo. Ugonjwa wake ni mmoja tu: timu ya chuo cha Ohio State. Siongelei mpira wetu wa miguu, naongelea ule wa kwao wa kukimbizana mtu ameshika kitu kama papai. Huyu mzee kanisani haonekani, utabiri wa nyota anaucheka, paka mweusi akikatiza kwake ni paka tu. Ila Jumamosi ya mechi ikifika, sebule yake inageuka kilinge.

Novemba 2021 akanialika kwa mara ya kwanza, mechi dhidi ya Michigan. Nisameheni, dhidi ya "Timu ya Kaskazini". Nyumba ile jina la Michigan halitamkwi. Juu ya friji kuna chupa ya kioo, ulimi ukiteleza unatumbukiza dola moja. Nilitumbukiza tatu kabla mpira haujaanza maana nilidhani wananitania.

Sasa mjue kwamba mpaka siku ile Timu ya Kaskazini ilikuwa haijawafunga tangu 2011. Mara nane mfululizo wamekula kichapo, ya 2020 haikuchezwa kwa sababu ya korona. Nikaingia mimi na sahani yangu ya sambusa. 42-27. Tumepigwa.

2022 nikaitwa tena. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenitetea, alisema sambusa zile haziwezi kuwa na kosa. Safari hii mechi ilikuwa hapa hapa Columbus. 45-23. Nikaanza kuyaona macho ya watu. 2023 mzee akanifuata uani, akazunguka weee, mara hali ya hewa, mara majani yanadondoka, mwisho akauliza: "Jumamosi una shughuli?" Nikaelewa. Nikakaa kwangu. 30-24, wamefungwa tena, nami nikajua nimesafishwa jina. Wapi! Jumatatu akaniuliza kama niliangalia. Nikamwambia ndiyo, kwangu, peke yangu. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa majibu ya maabara. 2024 nilikuwa shifti ghalani, sikuona hata dakika moja. 13-10, nyumbani, mbele ya watu zaidi ya laki. Ikagundulika kwamba wakati wa mapumziko nilichungulia matokeo kwenye simu. Kesi ikafungwa: jamaa ana gundu.

Mwezi uliofuata, Desemba 21, kulikuwa na mechi ya mtoano hapa mjini, Ohio State na Tennessee. Mama akanihurumia, Krismasi inakaribia, akasema njoo ule halafu uondoke. Nikala. Nikaombwa nikalete vinywaji kwenye friji la gereji. Nafungua friji, nasikia kelele ndani: tachidauni, yaani bao lao kubwa. Narudi, mzee ananizuia mlangoni, rudi kwanza kachukue barafu. Nachota barafu, kelele tena. Robo ya kwanza haijaisha ilikuwa 21-0. Hakuna aliyeniruhusu kurudi sebuleni usiku ule. Nililetewa keki gereji.

Kuanzia hapo: Oregon 41-21, niko gereji. Texas 28-14, niko gereji na mbwa. Januari 20, 2025, fainali na Notre Dame, 34-23, bingwa wa taifa, mimi niko gereji nimekaa juu ya tairi la akiba. Siku hizi nina kiti changu kule, kimeandikwa jina.

Jumamosi hii wanakwenda kwa Timu ya Kaskazini. Wadau mlioko Marekani, huko kwenu vikoje? Msiniache peke yangu na mbwa.

#2 Kibwengo_Tandale

Kumbe kamati ya ufundi ipo hadi Ohio 😂😂 Mkuu umenichekesha nimemwaga uji.

#3 ShombeLaPangani

Mtoa mada, ufafanuzi kidogo. Mpira wa vyuo ni kitu gani, ni kama UMISSETA? Inakuwaje mtu mzima afukuze jirani kwa ajili ya wanafunzi?

#4 Mzigua_Ohio

@ShombeLaPangani ondoa picha ya UMISSETA kichwani. Uwanja wa Ohio State unaingiza watu 102,780. Wa Timu ya Kaskazini ndiyo usiseme, 107,601. Pale kwa Mkapa ni 60,000, fanya hesabu. Na mji kama huu hauna timu kubwa ya kulipwa ya mchezo huo, kwa hiyo chuo ndicho Simba, ndicho Yanga, ndicho kila kitu. Babu alisoma pale, baba alisoma pale, na fundi bomba ambaye hakusoma popote naye ni wa pale.

Halafu kuna jambo linalowatia watu wazimu: mechi ni chache. Msimu wa kawaida ni mechi 12 tu. Kwetu ukifungwa na Mtibwa Jumapili, Alhamisi unacheza tena unajifuta machozi. Huku kwa miaka mingi ukifungwa mara moja tu, ubingwa wa taifa umeshaingia mashakani. Mpaka 2013 zilikuwa zinachaguliwa timu mbili tu kucheza fainali. Kuanzia 2014 zikawa nne, na ni 2024 ndipo zikawa 12. Mtu amelelewa akijua kosa moja linazika mwaka mzima. Utamlaumu akishika hirizi?

Na hirizi anayo, sisemi kwa mafumbo. Timu inaitwa Buckeyes, jina la mti. Mbegu yake ni ya kahawia, inang'aa, ina doa la rangi nyepesi kama jicho la kulungu. Usiile, ina sumu. Wazee wa huku tangu zamani wanatembea nayo mfukoni kwa bahati, wengine wanasema inazuia baridi yabisi. Jirani yangu anayo ya marehemu baba yake, mfuko wa kushoto, imesuguliwa mpaka imekuwa kama kokoto ya mtoni. Akiisahau anarudi nyumbani hata kama amefika sokoni.

#5 Mama_Tuli

Mzigua pole baba. Mimi niko South Carolina, jimbo la chuo cha Clemson. Huku wao wana jiwe, na si siri, linaoneshwa kwenye TV. Rafiki wa kocha wao wa zamani, Frank Howard, alilitoa Death Valley kule California akamletea zawadi, kwa sababu na uwanja wa Clemson unaitwa hivyo hivyo, Bonde la Mauti. Kocha hakulijali, akalifanya kizuizi cha mlango ofisini. Siku ya kufanya usafi akaagiza litupwe. Mtu aliyetumwa akaona hasara, likawekwa juu ya nguzo pale juu ya kilima ambako wachezaji wanaingilia. Mechi ile ya kwanza, 1966, Clemson walikuwa nyuma kwa pointi 18 wakageuza, wakamfunga Virginia 40-35.

Basi! Mwaka uliofuata wachezaji wakaanza kulishika kabla ya kushuka kilima mbio. Mpaka leo. Howard aliwatisha kwamba asiyetoa jasho lote asiliguse jiwe lake. 2013 mtu akaja usiku akalimegua kipande, watu walilia kama kumevunjwa kaburi.

Mimi nilikwenda na wajukuu siku ya kawaida, hakuna mechi. Mjukuu akaniuliza, bibi hili jiwe lina nini? Nikamwambia halina kitu. Lakini nililigusa.

#6 Kibwengo_Tandale

"Lakini nililigusa" 😂 Mama Tuli wewe ni wetu.

#7 Kamaa_wa_Iowa

Wueh! Hii imenimaliza kabisa. Mimi ni Mkenya, nauguza hapa Iowa City. Nyinyi mnaongea mambo ya jiwe, huku kwetu wamepaka rangi chumba cha wageni. Chumba cha kubadilishia nguo cha timu ngeni uwanja wa Kinnick ni waridi. Kuta waridi, makabati waridi, sakafu, hadi vyoo. Aliyeanzisha ni kocha Hayden Fry, alikuja 1979, na huyo alikuwa amesomea saikolojia chuoni. Hoja yake ilikuwa kwamba rangi hiyo inalegeza mtu, na kama hailegezi basi mgeni atakaa akiifikiria badala ya kufikiria mchezo. Kocha wa Michigan wa enzi hizo, Bo Schembechler, alikuwa anaagiza wasaidizi wake wabandike makaratasi ukutani wachezaji wasiione. Sasa niambie, hapo nani mshirikina, anayepaka au anayefunika?

Ila kuna desturi moja ya huku siwezi kuicheka. Hospitali ya watoto imepakana na uwanja, ghorofa za juu unauona wote. Tangu 2017, robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima unageuka na kuwapungia mkono watoto walio dirishani. Wachezaji, waamuzi, wageni, kila mtu. Nimewahi kusimama nyuma ya mtoto ambaye hakuwa ameinua mkono siku tatu. Aliuinua. Sitaongeza neno hapo.

#8 Ticha_Mvomero

Wakuu, hamna ajabu. 1948 mwanasaikolojia B. F. Skinner alichukua njiwa wanane wenye njaa, akawaweka kila mmoja kwenye kisanduku, chakula kikawa kinashuka kila baada ya muda fulani bila kujali njiwa anafanya nini. Sita kati yao wakaanza vituko. Mmoja anazunguka, mwingine anachomeka kichwa kwenye kona, mwingine anayumba kama saa ya ukutani. Kila mmoja alishika kile alichokuwa akikifanya chakula kiliposhuka, akaona ndicho kilichokileta. Jirani yake Mzigua ni njiwa. Gereji ni kule kuzunguka.

#9 Mzigua_Ohio

@Ticha_Mvomero nakubali, ila Skinner hakuwahi kuona njiwa anayemzungusha njiwa mwenzake. Hapa anayezungushwa ni mimi.

#10 Mwana_Goma

Bandugu, miye naishi Texas myaka kumi. Bale banafunzi ba Texas A&M habaikale chini mechi yote, banasimama tu. (Naingia kwa Kiswahili bora sasa, najua watu wa Dar mtanicheka.)

Sababu yake: Januari 1922 timu yao ilicheza na Centre College, wachezaji wakaumia mmoja baada ya mwingine. Kocha akamwita kijana aitwaye E. King Gill kutoka jukwaani. Akavaa jezi, akasimama pembeni akingoja. Hakuingia hata mara moja, timu ikashinda 22-14 bila yeye. Lakini tangu hapo wanafunzi wote ni "mtu wa 12", wanasimama kwa sababu huenda wakaitwa. Usiku wa kuamkia mechi wanakusanyika uwanjani saa sita kufanya mazoezi ya kushangilia, taa zikizimwa kila mtu anambusu mpenzi wake. Timu ikipata tachidauni pia wanabusiana. Aliye peke yake anawasha kiberiti gizani ili mwingine aliye peke yake amwone. Hiyo desturi mimi naipenda.

Na mbwa wao wa nembo, kila mmoja huitwa Reveille, wakifa wanazikwa nje ya uwanja. Uwanja ulipopanuliwa makaburi yakawa hayaoni tena ubao wa matokeo. Wakawawekea mbwa ubao wao mdogo.

#11 Mtumishi_77

Ubao wa matokeo wa marehemu mbwa. Haya ndugu zangu si mpira tena, haya ni maagano. Mwiteni Yesu.

#12 Sele_SouthBend

@Mtumishi_77 huku Notre Dame ameshaitwa. Ni chuo cha Kikatoliki, na ukuta wa maktaba yao, tangu 1964, una picha kubwa ya Yesu ameinua mikono yote miwili. Refa wa mchezo huu akitoa tachidauni anainua mikono vile vile. Unaweza kukisia wanafunzi wanamwitaje. Kabla ya mechi kubwa foleni ya kuwasha mishumaa kwenye pango la Bikira Maria inafika barabarani. Halafu wachezaji wakishuka ngazi kwenda uwanjani wanapiga kofi kibao kilichowekwa na kocha Lou Holtz mwaka 1986, kimeandikwa kwamba leo cheza kama bingwa. Hakuna anayepita bila kukigusa.

Na bado fainali ya Januari tulifungwa. Nilikuwa nalaumu ulinzi wetu. Kumbe kulikuwa na Mzigua gereji.

#13 Mchambuzi_Huru

Samahani nikate ngebe. Mnachanganya mambo. Kugusa jiwe, kupiga kibao, kuvaa jezi chafu, hizo ni mila za kujipa moyo. Ushirikina ni kule kwetu, timu inaruka ukuta ili isipite mlango rasmi, inabadilishia nguo kwenye basi kwa kuogopa chumba kimepuliziwa dawa, Bodi ya Ligi inapiga faini kila msimu na bado wanaruka. Huko kuna mganga, kuna malipo, kuna mbuzi. Marekani kuna mganga?

#14 Mzigua_Ohio

@Mchambuzi_Huru umegusa kitu nilichokuwa nakitafuna muda mrefu kule gereji. Mimi tofauti naiona hivi. Shabiki wa kwetu timu ikifungwa anauliza nani katuroga. Jirani yangu anauliza yeye mwenyewe amekosea wapi. Nimemshuhudia baada ya kipigo akikagua soksi zake. Akamuuliza mkewe kama alitoka chumbani wakati mpira unapigwa kwa mguu kutafuta pointi (mama huwa anatoka, haruhusiwi kuona mpigaji akipiga, siku ile alibaki kwa sababu goti linamuuma). Wakakubaliana ni goti. Hakuna aliyesema wale wa kaskazini wametufanyia kitu. Yaani kila mmoja amebeba timu nzima begani kwake, na kosa ni lake. Mpaka kukojoa: mambo yakienda vizuri hakuna anayebadili kiti, mkwe wao mkubwa alibana mpaka akatoka jasho.

#15 Bi_Mshangama

Mzigua mwanangu, hoja nzuri lakini inavuja. Umesema hawatafuti mchawi nje. Na wewe gereji ulifikaje?

#16 Kibwengo_Tandale

🤣🤣🤣 Bi Mshangama kamaliza mchezo. Tufunge uzi.

#17 Dada_Minnesota

Usifungwe, nina ushahidi mwingine dhidi ya mtoa mada. 1903 Michigan walikuja kucheza na Minnesota. Kocha wao, Yost, aliogopa maji ya wenyeji yasije yakatiwa kitu, akamtuma kijana akanunue mtungi wao wenyewe. Senti 30. Mechi ikaisha sare, 6-6, mashabiki wakavamia uwanja, Michigan wakaondoka wakausahau mtungi. Mpaka leo timu hizi mbili zinaugombania, anayeshinda anaondoka nao. Sasa kukataa maji ya mwenyeji ni nini kama si kuogopa kurogwa? Makocha wetu wanaobeba maji yao kutoka Dar mpaka Mbeya wana babu yao Michigan.

#18 Mwana_Goma

Na wewe Mchambuzi unauliza kama kuna mganga. Kaa chini.

Texas, mwaka 1941. Chuo cha Texas kinakwenda kucheza kwa Texas A&M, uwanja ambao hawajashinda tangu 1923. Miaka kumi na minane! Wanafunzi wakaenda kwa mpiga ramli wa kwao Austin, mama mmoja aitwaye Madame Hipple. Yule mama hakutaka mbuzi. Akawaambia washeni mishumaa myekundu wiki nzima. Mji ukajaa mishumaa, madirishani, madukani. Wakaenda wakashinda 23-0. Kuanzia hapo mishumaa myekundu ikawa desturi kila wanapokaribia kukutana na A&M. Mganga yupo, jina lipo, mwaka upo, matokeo yapo.

#19 Mchambuzi_Huru

Nimekaa chini.

#20 Kibwengo_Tandale

Madame Hipple aletwe Msimbazi haraka.

#21 Fundi_Baton_Rouge

Nimechelewa, nilikuwa kazini. Louisiana hapa, chuo cha LSU. Sisi hatufichi kitu. Kocha wetu Les Miles alikuwa ananyonyoa majani ya uwanja katikati ya mechi anayatafuna, kamera zikamnasa 2010. Alipoulizwa alisema inamkumbusha kuwa yeye ni sehemu ya uwanja, na kwamba majani ya nyumbani ndiyo matamu kuliko ya viwanja vingine. Bingwa wa taifa 2007 huyo mtu, nani atamkataza kula majani?

Jezi nyeupe nyumbani pia ni bahati. Timu nyingi zikiwa kwao huvaa rangi, LSU walivaa nyeupe 1958 wakachukua ubingwa wa taifa, imekuwa mwiko kuacha. Sheria ilipowalazimisha kuacha miaka ya 80 walihangaika mpaka 1995 ikalegezwa. Halafu tuna chui milia hai, Mike, ana makazi yake jirani na uwanja. Zamani walikuwa wanaamini idadi ya ngurumo zake kabla ya mechi ndiyo idadi ya tachidauni tutakazopata.

Lakini ninachopenda mimi ni chungu. Watu wanafika na magari yao tangu asubuhi, wengine tangu jana yake, majiko yanawashwa palepale maegeshoni. Wakija Florida, ambao nembo yao ni mamba, tunapika mamba. Wakija Arkansas, nguruwe. Mimi nguruwe sigusi, ila mamba nilionja, ni kama kuku aliyelelewa na samaki. Unakula mpinzani kabla hajavaa jezi. Ninyi mnaojua mambo ya kwetu niambieni hiyo inaitwaje.

#22 Bi_Mshangama

Inaitwa njaa. 😄

#23 Sauda_Alabama

Hapa niliko hadithi zake zinachekesha nusu. Mji wa Auburn ukishinda watu wanakwenda kwenye kona iitwayo Toomer's kurushia miti karatasi za chooni mpaka inakuwa myeupe kama imemwagiwa theluji. Mialoni miwili mikubwa. Mwaka 2010 Auburn wakamfunga Alabama 28-27 wakiwa wametoka nyuma sana. Mzee mmoja shabiki wa Alabama akaenda usiku akamwaga sumu ya kuua miti, halafu Januari akapiga simu redioni kujisifu. Wataalamu walihangaika miaka miwili. Aprili 2013 miti ikakatwa, watu wakaja kuipiga karatasi mara ya mwisho huku wanalia. Mzee alifungwa.

Mzigua, huyu hakukagua soksi zake.

#24 Mzigua_Ohio

@Sauda_Alabama hapana, hakukagua. Nimesoma mara mbili nikanyamaza.

@Bi_Mshangama nimekaa nalo swali lako tangu jana. Kuna mdau kanitumia ujumbe pembeni ananiuliza kama ni kwa sababu mimi ni mweusi pekee pale sebuleni. Nisiwe mnafiki, hata mimi nililiwaza, hasa 2023 alipozunguka maneno. Mgeni ndiye mchawi, hilo nalijua tangu Handeni.

Sasa jana nilikwenda kumrudishia ngazi nikamwuliza mama waziwazi. Akacheka mpaka akashika mlango. Kumbe kuna mkwe wao mwingine, mume wa binti mdogo, mtu wa hapahapa Ohio, babu yake alisoma chuo hicho hicho. Aliletwa kutambulishwa siku ya mechi ya Michigan 2003. 35-21, wakafungwa. Miaka 22 sasa, siku hiyo haruhusiwi kukaribia nyumba. Anachukua gari anaizunguka barabara ya I-270, ile inayouzunguka mji wote, redio imezimwa, mpaka apigiwe simu. Harusi yao walihakikisha haiangukii Novemba.

Kwa hiyo mimi wa gereji nimepandishwa cheo. Nina paa.

#25 ShombeLaPangani

Jamaa anazunguka mji miaka 22 na ndoa ipo?

#26 Mzigua_Ohio

Watoto watatu. Anasema ni saa nne za amani kwa mwaka.

#27 Ticha_Mvomero

Huyo si njiwa. Huyo ni mwanafalsafa.

#28 Kamaa_wa_Iowa

Mzigua, kesho ndiyo kesho. Mechi saa sita mchana, siyo? Valia koti mbili, gereji ya Ohio mwisho wa Novemba si mchezo. Na simu uzime. Ukichungulia wewe tunajua itakuwaje.

#29 Mama_Tuli

Nami kesho nitapita pale kwenye jiwe. Si kwa ajili ya timu yenu. Nitapita tu.

#30 Mzigua_Ohio

MREJESHO.

Wakuu, saa tano na nusu niko kwenye kiti changu. Makoti mawili, soksi za sufi, chupa ya chai ya tangawizi, mbwa. Mama kanipitishia sahani kwa mlango, hakufungua zaidi ya kiganja. Mzee alikuja mwenyewe, hajawahi, akachomoa ile mbegu mfukoni akaniwekea mkononi, akasema nikae nayo huku huku. Nikamwambia mzee, hii ya baba yako, nikiipoteza? Akasema usiipoteze.

Simu niliizima. Robo ya kwanza kimya kabisa ndani, nikajua yametukuta. Mbwa akanitazama vibaya. Nikaihamisha mbegu kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, sijui kwa nini. Baadaye kelele ya kwanza. Halafu nyingine. Nilitaka kujikuna pua nikaogopa.

27-9. Ugenini. Mara ya kwanza tangu nifike Ohio.

Mkwe wa I-270 kaja na donati, tumekutana gereji kwa mara ya kwanza, tumepeana mikono kama majeruhi wa vita moja. Miguu siisikii.

#31 Kibwengo_Tandale

Mkuu hongera. Swali moja la kitaalamu: mkono wa kushoto uliushikaje? Kiganja juu au chini? Tuna mechi Jumapili.